Mzee Hashuki na Kisanduku cha Chini ya Siti

Ukitoka Endamarariek kwenda Karatu mjini, kabla ya kumaliza kijiji cha Qurus kuna kilima kimoja ambacho kila mwendesha baiskeli hushuka. Hakuna anayeona haya. Unashuka, unasukuma, unafika juu, unapanda tena. Hata bodaboda zikibeba magunia ya mahindi hulalamika pale. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hashuki, naye ni jirani yangu Josephati, mchukuzi wa maziwa, mzee mrefu, mwembamba na mbishi.

Alianza kazi hiyo akiwa kijana. Kila asubuhi alikusanya maziwa ya majirani, akafunga keni zake kwenye boksi la mbao juu ya keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, akayapeleka kwenye hoteli za mjini. Watoto wa shule wa Qurus walimpa jina la Hashuki. Walimngoja kwenye kona ya kilima, na keni zilipoanza kusikika zikigongana walipiga kelele, "Hashuki! Hashuki!" Yeye alipita bila kuwatazama. Lakini ukimjua, ungeona anavyokaza mdomo asicheke.

Simpambi. Ukuta wa zizi lake ndio mpaka wa shamba langu la vitunguu, na kwa habari ya mbuzi wake mmoja aliyeingia humo tulikaa muda mrefu bila yeye kukanyaga kwangu wala mimi kukanyaga kwake. Mke wake, Germana, yeye aliendelea kuja kama kawaida. Alisema ugomvi wa mbuzi ni wa wanaume na mbuzi.

Mwaka juzi, wakati wa kuvuna mahindi, Josephati alianguka zizini. Hospitali wakamwambia moyo wake umechoka, ameze dawa na asipande milima. Alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamshukuru, akatia dawa kwenye mfuko wa koti, na haikupita wiki akawa barabarani na maziwa yake. Germana alimlaumu, akalia, mwisho akamwita padri.

"Padri," Josephati akamwambia, "nikikaa nyumbani mimi nitakuwa nani? Na nikishuka pale kwenye kilima, wale watoto wataniita nani?"

Padri alikunywa chai yake, akaaga.

Siku moja Germana alikwenda Qurus kumwangalia mgonjwa, akamwona mumewe akipanda kile kilima. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu na macho yalikuwa yamemtoka. Watoto walikuwa wanamshangilia. Germana alisimama nyuma ya mti mpaka akapita, na pale pale akaelewa kwamba mtu huyu atafia kwenye kilima hiki, tena huku akipigiwa makofi.

Germana si mtu wa kubishana mara mbili. Mara ya kwanza husema. Ya pili hutenda. Akaenda kwa Wilson.

Wilson ni fundi baiskeli, ana kibanda nyuma ya soko la Karatu. Kuna loji moja huko juu karibu na msitu iliyokuwa na baiskeli za umeme za kuwazungushia watalii kwenye mashamba ya kahawa. Zilipoanza kuharibika wakaziuza kama vyuma chakavu, na Wilson akazibeba zote. Akawa anazichinja, anatoa mota na betri, anafunga kwenye baiskeli za kazi za watu wetu. Ni kijana wa mjini, mcheshi, anayemwita kila mtu "mwanangu" isipokuwa akina mama.

"Shikamoo mama. Hii ishu ndogo sana," alimwambia Germana. "Naweka gurudumu jipya mbele, mota iko humo humo ndani ya habu. Mzee akizungusha pedeli, inamsukuma kidogo. Akiacha, inaacha. Atakuwa anapeta tu."

"Asijue," Germana akasema.

"Asijue nini, mama?"

"Asijue kwamba ipo."

Wilson alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akaacha, akavuta kigoda akaanza kufikiri.

Mota haikumsumbua. Ni duara la chuma katikati ya gurudumu, na mzee ataambiwa ni breki ya ndani. Betri ilikuwa bapa; ingelala chini ya boksi la maziwa, juu yake sakafu ya pili ya mbao, na juu ya hiyo keni. Sauti nayo ingemezwa na mlio wa keni, tena masikio ya Josephati yalikuwa yameshapungua nguvu. Kilichobaki kilikuwa kisanduku kidogo cha alumini, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, chenye nyaya zinazotoka pande zote mbili. Kinaitwa kontrola. Hicho ndicho kinachopima umeme utoke kiasi gani kwenye betri uende kwenye mota, na bila hicho vingine vyote ni mzigo tu.

Alijaribu kukiweka pamoja na betri, kikapata joto mno. Akajaribu kukisukuma ndani ya bomba la fremu, hakikuingia. Kwenye usukani kingeonekana na kila mpita njia. Mwisho akakifunga chini ya siti, katikati ya springi, nyaya akazipitisha kando ya fremu na kuzizungushia vipande vya tyubu nyeusi, vile vile ambavyo Josephati mwenyewe huzungushia kila kitu chake. Ilipendeza. Ila kisanduku chenyewe kiling'aa kama sufuria mpya.

"Kitafutie nguo, mama," Wilson akasema. "Kitu cha kufanana na kifuko cha spana, kisichopitisha mvua. Ila kiwe wazi kwa chini. Kikikosa hewa kinaungua."

Hapa ndipo palipotokea kosa, na mimi sioni wa kumlaumu. Katika nyumba za Kiiraqw za zamani, kitu cha kukaa mvuani hushonwa kwa ngozi. Germana alifundishwa na mama yake: unakwangua ngozi ya mbuzi, unaiwamba juani, kisha unaipaka mafuta ya mkia wa kondoo na kuisugua mpaka iyanywe. Alishona kifuko kizuri, chenye mfuniko, kilicho wazi kwa chini kama alivyoagizwa. Maji yakimwagika juu yake yanateleza. Wilson alikisifu. Yeye amekulia mjini. Habari ya mafuta ya kondoo haikumjia, na Germana hakuona kwamba ni jambo la kutaja.

Josephati alikubali baiskeli ipelekwe kwa fundi baada ya kuambiwa breki zimekwisha na atakuja kumwaga maziwa ya watu. Kwa ajili ya moyo wake asingekubali. Kwa ajili ya maziwa ya watu alikubali.

"Nzito," alisema iliporudi.

"Breki ni chuma, Baba Selina," Germana akajibu. Selina ni binti yao, ameolewa Mbulu.

Siku ile ya kwanza aliporudi kutoka mjini nilikuwa napalilia vitunguu. Alisimama nje ya zizi na baiskeli yake, akakitazama kile kilima kwa mbali. "Mama Selina," akasema, "leo kilima kilikuwa kifupi." Germana alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

Mimi niliingizwa katika mambo haya kwa sababu ya soketi. Josephati akirudi hula, kisha hulala mpaka jua lipungue. Kila siku muda huo Germana huosha boksi la maziwa kwa maji ya moto, na hakuna mtu angeshangaa kumwona amelibeba. Sasa akawa analileta jikoni kwangu, mahali ambapo mume wake asingetia mguu kwa sababu ya mbuzi. Anainua sakafu ya pili, anatoa betri, anaichomeka, analiosha boksi, kisha anakaa na ungo wake mpaka taa ya chaja igeuke kijani. Nilimuuliza mara moja tu.

"Na akijua?"

"Atajua akiwa hai," akasema.

Miezi ikapita na mambo yakaenda vizuri. Midomo ya Josephati ilirudi rangi yake. Alianza kula vizuri, akaanza hata kuwatania vijana wa bodaboda pale chini ya kilima, akiwauliza kama wanahitaji kusukumwa. Mtu aliyefurahi kupita kiasi huchosha, nami nilichoka naye. Lakini Germana alikuwa na amani, na nyumba ile ilikuwa na kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Selina aolewe.

Kisha likaja joto la Januari, na mbwa.

Mbwa wa Qurus ni wavivu. Hulala kivulini mchana kutwa, na gari likipita husogeza mkia tu. Sasa wakawa wakiona baiskeli ya Josephati inaanza kilima wanaamka, mmoja mmoja, wanamfuata nyuma. Hawabweki. Wanatembea tu pua juu, mpaka kileleni, na njia ikinyooka wanamwacha. Watoto mwanzoni walicheka. Halafu mama mmoja anayeuza ndizi pale kwenye kona akasema kwa sauti, "Mbwa hawamfuati mtu bure." Josephati asiyesikia vizuri, hilo alilisikia.

Sababu niliijua siku niliyopanda naye sambamba, mimi nikisukuma ya kwangu. Alipofika katikati ya kilima, pale mota inapofanya kazi kuliko mahali pengine, nilinusa nyama ya kuchoma. Kontrola ilikuwa imepata joto, mafuta ya kondoo yalikuwa yanayeyuka kwenye ngozi, na kila tone lililoanguka barabarani lilikuwa karamu. Mchana nikamweleza Germana. Alishika mdomo.

"Mafuta!" akasema. "Mungu wangu, mafuta." Akaahidi kushona kingine cha turubai.

Alikuwa amechelewa. Kesho yake Josephati alikuja kwangu. Aliingia kabisa, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda changu.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Ile habari ya mbuzi. Mbuzi alikuwa wangu na kosa lilikuwa langu."

Niliogopa. Josephati niliyemjua asingesema maneno hayo hata kwa kufungwa kamba.

"Unaumwa?" nikauliza.

"Siumwi. Ndiyo maana nimekuja." Akazungusha kofia mikononi. "Wewe humkumbuki baba yangu. Alilala kitandani muda mrefu, hageuki bila kugeuzwa. Asubuhi moja akaamka mwenyewe. Akaomba ugali, akala. Akafungua ng'ombe akawapeleka majini, anacheka na watu njiani. Sisi tukashangilia. Jioni akafa. Zile ni nguvu za mwisho. Mungu humpa mtu ili amalizie mambo yake. Mimi nilikuwa nimekwisha, unajua. Sasa kile kilima napanda kama kijana. Na mbwa wameshanusa."

Siri haikuwa yangu. Nilimwambia tu kwamba habari ya mbuzi imekwisha zamani, na kweli wakati ule ilikwisha.

Germana alipokuja na boksi nikamweleza yote. Akakaa chini bila kulifungua.

"Amewaita watu," akasema. "Amempigia simu Selina. Amemwita rafiki yake Lekishon, mfugaji wa huko Ngorongoro. Jumapili baada ya misa anataka kuaga."

Asiyetoka kwetu pengine hajui kuaga ni nini. Mzee akiona siku zake zimefika huwaita watu wake. Husamehe, huomba msamaha, hugawa kidogo alicho nacho, kisha huongoza sala ya wazee, ile ya mmoja kusema na wote kuitikia. Wakishaitikia mara ya mwisho, yeye na dunia wamemalizana. Hashiki tena jembe, hafungui tena ng'ombe. Anakaa karibu na moto anangoja. Na nimewahi kuona wazee wawili waliokuwa wazima kabisa, wakaaga, wakakaa, na msimu haukuisha wakazikwa. Sisemi waliuawa na sala. Nasema niliwaona.

"Mwambie," nikamwambia Germana.

"Nimwambie nini? Kwamba nguvu anazomshukuru Mungu kila siku ni za fundi wa sokoni? Nikinyamaza ataaga, na akiaga atakufa. Nikisema, namuua kwa njia nyingine." Akalia pale pale juu ya ungo. Nilimhurumia sana, na nilimkasirikia Josephati, na nilikasirikia kilima.

Jumapili ikafika. Selina alikuja na sura ya mtu aliyelia njia nzima. Lekishon aliteremka kutoka Ngorongoro amejifunga shuka zake mbili, fimbo mkononi, na kilo kadhaa za sukari kwa ajili ya Germana. Yeye na Josephati ni marafiki tangu ujanani. Kiangazi kimoja cha zamani Lekishon alikaa na ng'ombe wa Josephati juu huko kwenye majani, akawarudisha wote. Wazee wa jirani wakakaa kando ya zizi. Palikuwa na kibuyu cha pombe ya asali. Baiskeli iliegemezwa ukutani, imeoshwa.

Josephati alivaa koti lake la kanisani. Alizungumza vizuri, lazima niseme. Alimpa Selina mtamba. Alimrudishia Lekishon shukrani za kiangazi kile. Mimi aliniomba radhi tena mbele za watu, mpaka nikaona aibu. Akasema baiskeli isiuzwe, ikae pale ukutani. Kisha akamgeukia mke wake.

"Mama Selina, umenivumilia. Nilikataa kukaa nyumbani kwa sababu niliogopa. Kufa sikuogopa. Niliogopa nikae kwenye kigoda na wewe unilishe, uniangalie kwa huruma. Mungu amenisikia, amenipa nguvu hizi nife nikiwa naendesha. Sijawahi kukushukuru mbele za watu. Nakushukuru leo."

Germana aliinamisha uso. Alikuwa ameshika kibuyu kwa mikono miwili.

Josephati akasimama, akaanza sala. Aliombea mvua, tukaitikia. Aliombea ng'ombe na watoto, tukaitikia. Akaombea mpaka wetu na majirani wetu wa juu, na Lekishon akaitikia pamoja nasi kwa sauti nzito. Sauti ya Josephati ikaanza kushuka, kila mmoja akajua kinachobaki ni neno la kujikabidhi yeye mwenyewe. Akalisema. Tukavuta pumzi.

"Msiitikie!"

Germana alikuwa amesimama katikati. Hakuna mwanamke anayekata sala ya wazee. Hakuna mwanamume anayeikata pia. Mzee mmoja alianza kunyanyua fimbo.

"Josephati," akasema, na katika miaka yote sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. "Hufi. Ni umeme."

Selina alidhani mama yake amerukwa na akili, akaenda kumshika. Germana alimkwepa, akaifikia baiskeli, akafungua mkanda wa kifuko na kukivua. Kile kisanduku kikabaki wazi chini ya siti, kinang'aa, kimezungukwa na springi. Akainua sakafu ya boksi, betri ikaonekana. Akamwomba Lekishon anyanyue gurudumu la mbele, na yeye akazungusha pedeli kwa mkono. Gurudumu lilishika mwendo lenyewe, likazunguka kwa kasi, na kwa kuwa hapakuwa na keni za kugongana, sote tukaisikia mota ikiunguruma kwa sauti nyembamba.

Lekishon alishusha gurudumu polepole. Akakiokota kifuko, akakinusa.

"Huyu ni kondoo," akasema. "Mbwa hawakuwa na kosa."

Nilicheka. Ni mimi peke yangu niliyecheka, na Selina alinitazama kwa jicho ambalo silisahau.

"Tangu lini?" Josephati akauliza.

"Tangu mavuno yalipokwisha."

"Kilima chote?"

"Wilson anasema nusu ni yako, nusu ni ya mota."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivua koti la kanisani, akalikunja vizuri, akaingia ndani akafunga mlango. Wageni walikula kwa kuwa nyama ilikuwa imeshaiva. Lekishon hakula. Aliburuta kigoda mpaka mlangoni akazungumza na mbao.

"Josephati. Kiangazi kile, ulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyedhoofu. Kila asubuhi nilimnyanyua, mimi huku kwenye pembe na ndugu yangu kwenye mkia. Akishasimama alikwenda malishoni kwa miguu yake, akala kwa mdomo wake. Nilikurudishia ng'ombe mzima. Sikukwambia, kwa sababu hukuuliza."

Lekishon akangoja kidogo, akachukua fimbo yake, akaondoka na gari la jioni.

Asubuhi Germana alikuja kwangu anakimbia. Josephati alikuwa ameondoka na maziwa. Betri alikuwa ameitoa, ameiacha mezani juu ya kitambaa, pamoja na ile sakafu ya mbao.

"Amekwenda kupanda kilima," akasema.

Germana alikuwa ameapa kwamba hatapanda bodaboda maisha yake yote. Asubuhi hiyo aliisimamisha ya kwanza iliyopita. Betri aliifunga mgongoni kwa kanga, kama anavyobebwa mtoto, akakaa katikati, mimi nikakaa nyuma yake. Njia nzima alisali kwa sauti, na sikuweza kujua anasali kwa ajili ya mume wake au kwa ajili ya dereva.

Tulimkuta kabla ya kona. Alikuwa ameshuka. Amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, kofia magotini, shati limeloa, midomo ina ile rangi ya majivu. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukingo na keni zake zimejaa. Watoto wa shule walikuwa wamesimama upande wa pili na sare zao, hakuna hata mmoja aliyetoa sauti.

Germana alishuka, akavuka barabara, akakaa kwenye majani karibu na jiwe. Hakumgusa. Walikaa mpaka kifua cha Josephati kikapunguza kasi.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungekubali?"

Alifikiri. Josephati ni mbishi lakini si mwongo.

"Nisingekubali."

"Basi."

Bodaboda wetu alitaka kuondoka, nikamwashiria angoje.

"Nimemshukuru Mungu bure," Josephati akasema. "Miezi yote hiyo."

"Hukumshukuru bure. Mimi nani alinipeleka kwa Wilson? Sikutaka uaibike, Josephati. Nilitaka nisikuzike."

Yeye aliwatazama wale watoto, akatazama kilima kilichobaki, kisha akamtazama mke wake na ule mzigo uliofungwa kwa kanga.

"Umebeba nini mgongoni?"

"Nusu ya kilima."

Mdomo wake ukakaza, namna ile ile. Akainuka kwa kushika bega la Germana, akaifuata baiskeli, akainama chini ya siti na kukitazama kile kisanduku kwa karibu kama mtu anayetazama jino la ng'ombe.

"Waya unaingia wapi?" akauliza.

Germana alifungua kanga, akamwonyesha.

Siku hizi kontrola iko wazi kabisa. Mvua ikinyesha, Josephati huifunika kwa kipande cha dumu alichokikata mwenyewe, na mtu akitaka kuiona humwonyesha, tena humchosha kwa maelezo. Mbwa wamerudi kulala. Betri anaichaji yeye, jikoni kwangu, na anakunywa chai yangu. Ile sala haijaitikiwa mpaka leo. Lekishon anasema iko pale ilipo, haiozi.

Watoto bado wanamwita Hashuki, ingawa kila asubuhi akifika kwenye lile jiwe anashuka. Betri ingemfikisha juu bila shida. Anaegemeza baiskeli, anakaa, anangoja pumzi yake irudi, ndipo anaendelea. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Mama Selina amesema," akanijibu.